Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Kila kundi la marafiki wanaopenda gemu lina msee mmoja wa aina hii. Unamwambia kwamba yule Baroni wa Velen ndani ya The Witcher 3 anamshinda mhusika yeyote wa vitabuni, naye anakutazama kwa huruma, kama daktari aliyeshika majibu mabaya, kisha anasema: lakini hiyo si kanoni. Maana yake haimo kitabuni. Mwandishi hakuiandika, ni watu wa gemu waliiongeza tu. Hapo kwake mjadala umeisha, faili limerudi kabatini.

Nimemvumilia huyu msee miaka mingi. Leo tumalizane.

Dai langu ni hili. Baadhi ya vitu bora kabisa katika hizi dunia za kubuni tunazozipenda, ya Star Wars, ya Tolkien, ya Alien, ya Sapkowski, viliingizwa na gemu. Havikunakiliwa kutoka kitabu wala filamu. Vilitungwa na watu wa mshahara, wenye bosi na tarehe ya mwisho, na vikakaa mle ndani hadi ukivitoa leo nyumba inabaki na tundu ukutani. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inakubali jambo ambalo msee wa kanoni hawezi kulikubali kamwe: kwamba mwenyeji anaweza kuwa anaumwa.

Kwanza hiyo kanoni yenyewe. Neno lilitoka kanisani, kwa orodha ya vitabu vilivyokubaliwa kuwa maandiko. Kwenye burudani, orodha hiyo huandikwa na mwenye hakimiliki. Disney iliinunua Lucasfilm mwaka wa 2012. Tarehe 25 Aprili 2014 Lucasfilm ikatangaza kwamba riwaya, katuni na gemu zilizokuwa zimeijenga dunia ya Star Wars kwa miongo kadhaa sasa zingeitwa Legends, yaani ngano. Asubuhi ulikuwa unasoma historia, jioni unasoma ngano, na hakuna koma hata moja iliyosogea kitabuni. Kilichobadilika ni hati ya umiliki. Na sisi Wakenya, jameni, hati tunazijua. Tumeona ploti moja ikiwa na hati tatu, zote zina muhuri, na tingatinga likifika alfajiri.

Nisichoelewa ni kijana wa Umoja au Kisauni, asiye na hisa hata moja huko Disney, kujipa kazi ya kulinda geti lao. Soja angalau hulipwa mwisho wa mwezi.

Na ukidhani ule muhuri huzuia takataka, kumbuka The Rise of Skywalker ya 2019, filamu yenye karatasi zote. Inaanza kwa kutuambia kwamba Palpatine, aliyetupwa shimoni kwenye filamu ya 1983, amerudi na ameitangazia galaksi ujumbe. Ujumbe wenyewe humsikii akiutoa kwenye filamu. Ulisikika siku chache kabla, ndani ya Fortnite. Kanoni kamili, imetangazwa mbele ya watu wanaocheza densi wakiwa wamevaa kama ndizi.

Kama ni asili mnaitaka kweli, turudi kwa vitabu vya utotoni. Hadithi inayojulikana zaidi katika Alfu Lela Ulela ni ya Aladini na taa yake. Haimo katika miswada ya kale ya Kiarabu. Mfaransa Antoine Galland aliisikia Paris mwaka wa 1709 kutoka kwa Hanna Diyab, kijana Msiria wa Aleppo, akaitia ndani ya tafsiri yake bila kumtaja Diyab jina. Jaribu leo kuing'oa Aladini uone utamuuzia nani hicho kitabu. Abunuwasi naye? Alikuwa mshairi wa Baghdad zaidi ya miaka 1,100 iliyopita, bingwa wa mashairi ya mvinyo. Ile sufuria iliyozaa, ile mizaha ya kumfunza tajiri adabu, hayo alipewa na wasimulizi, na wasimulizi wa Kiswahili hawakuomba kibali Baghdad. Bibi akisimulia, anaongeza. Ukimwambia si kanoni atakutuma ukachote maji.

Twende sasa Velen, maana hapo ndipo kesi yangu iko imara zaidi. Jeshi limepita, limekula kila kitu, miti ya kando ya barabara ina watu walionyongwa. Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa malipo, anamtafuta Ciri, msichana aliyemlea kama bintiye. Mwenye habari ni jamaa mmoja mnene aliyejiita baroni. Zamani alikuwa mwanajeshi tu, vita vikampa ngome ya bure. Jina lake Phillip Strenger. Habari anazo, ila hazitoki hivi hivi. Mke wake Anna na binti yao Tamara wametoweka. Geralt awatafute kwanza.

Unaanza kuchunguza, na vyumba vya ile ngome vinakuambia mambo ambayo mwenye nyumba hakukuambia. Hawakutekwa. Walimkimbia. Huyu mzee mcheshi anayekumiminia kinywaji na kukupigia stori tamu za Ciri ni mlevi anayempiga mkewe. Usiku wa mwisho walipigana, Anna alikuwa mjamzito, mimba ikaharibika, na Baroni akakizika kile kichanga bila jina, bila chochote. Katika dunia hiyo mtoto aliyezikwa hivyo hatulii. Anarudi usiku akiwa zimwi dogo lenye njaa.

Hapo unapewa uchaguzi. Unaweza kuliua zimwi, kazi ya upanga, umalize. Au unaweza kumfanya Baroni alibebe mikononi mwake usiku ule, alitembeze hadi kwenye kizingiti cha nyumba, ampe mtoto jina, amzike upya kama mwanawe. Nilicheza sehemu hiyo kwa PS4 ya binamu yangu huko Kayole. Stima ilipotea katikati, tukakaa gizani, na binamu yangu, mtu ambaye huongea bila breki, hakusema kitu. Sote wawili tunamjua Baroni. Ana jina lingine, anakaa ploti ya pili kutoka kwetu, Jumapili anaimba kwaya, na akiwa hajalewa hakuna mtu mkarimu kama yeye mtaa mzima.

Gemu haikuambii umsamehe. Haikuambii pia umchukie ukalale vizuri. Mke naye amezungumziwa kama mtu: zamani alikuwa na mwanamume mwingine, Baroni akamuua huyo mwanamume, na kila mmoja ana orodha yake ya majeraha. Kisha unajikuta mbele ya roho iliyofungwa chini ya mti. Ukiiachilia, watoto fulani yatima wanaokoka na Anna anaangamia. Ukiiua, kinyume chake. Na wakati unaamua, hujui.

Hakuna Baroni katika kitabu chochote cha Andrzej Sapkowski. Lakini msome Sapkowski. Tangu hadithi fupi ya kwanza ya mwaka wa 1986 amekuwa akichukua mambo ambayo ngano huyasema kwa urahisi, binti mfalme, laana, zimwi, na kuyaburuta matopeni. Geralt aliitwa mchinjaji wa Blaviken kwa sababu alikataa kuchagua kati ya maovu mawili hadi akalazimika kuchagua vibaya. Baroni anatoka moja kwa moja kwenye hilo jeraha. Na gemu ikafanya jambo moja ambalo kitabu hakiwezi: kitabu kinakuonyesha Geralt akichagua, gemu inakutwika wewe mzigo wenyewe na kukuacha usimame nao.

Oktoba 2015 studio ile ile, CD Projekt Red ya Warsaw, ikatoa nyongeza ya Hearts of Stone na humo akatokea Gaunter O'Dimm, muuza vioo. Anatimiza matakwa ya watu. Mtu mmoja mlevi anamkatiza wakiongea na Geralt kwenye mkahawa. O'Dimm anausimamisha wakati, kila mtu anaganda, anasimama polepole, anachukua kijiko cha mbao na kumdunga yule mlevi kwenye jicho. Anafanya hivyo kama mtu anayefukuza nzi. Hakuna mabawa, hakuna moto. Kijiko. Nimewaona mashetani wengi wa filamu wenye bajeti kubwa, na hakuna hata mmoja aliyenifanya niangalie kabati la vyombo kwa wasiwasi.

O'Dimm naye hayumo vitabuni. Amejengwa juu ya ngano ya kale ya Kipolandi ya Pan Twardowski, bwana aliyeuza roho yake kwa shetani kwa masharti ya ujanja na akaishia mwezini. Gemu ikauchukua hata ule mwezi na kuutia kwenye mkataba wa O'Dimm, kwa njia ambayo sitakuharibia kama hujacheza. Yaani studio ilifanya kile kile ambacho Sapkowski mwenyewe amefanya maisha yake yote, kuiba ngano na kuigeuza. Hawakumwiga maneno. Walijifunza mkono wake.

Na hicho ndicho kipimo changu. Mimi siulizi kama nyongeza imeandikwa pahali, nauliza kama imetoka kwenye swali ambalo ile dunia ilikuwa tayari inajiuliza. Nyongeza mbaya hutoka kwingine, mara nyingi ofisi ya mauzo.

Sapkowski hana mapenzi na hizi gemu, na amesema mara nyingi kwamba hazihusiani na hadithi yake. Haki yake. Haki za gemu aliziuza kwa pesa za mara moja, akakataa asilimia kwa sababu hakuamini zingefanikiwa. Mwaka wa 2018 mawakili wake wakadai zloti milioni 60, na Desemba 2019 pande mbili zikatia saini mkataba mpya. Sina shida na mzee kudai doo zake. Adai hadi kieleweke. Nauliza tu: katika kelele zote hizo za nani ni mwenye Geralt, ulisikia jina la aliyemtunga Baroni? Mimi ambaye nimemsifu aya nzima, sikulitaja. Umeona jinsi ilivyo rahisi.

Mfano ninaoupenda hata kuliko Baroni ni roboti mmoja mwenye kipara.

Filamu ya Alien, 1979. Ash, afisa wa sayansi, anaonekana mtu kamili hadi kichwa kinang'oka na maji meupe yanamwagika. Ni roboti wa gharama, aliyefichwa na kampuni kati ya wafanyakazi ili kuhakikisha lile zimwi linafika hata kama wafanyakazi wote watakufa. Na wale wafanyakazi, Parker na Brett, muda mwingi wanalalamikia malipo yao. Watu husema ni filamu ya kutisha angani. Mimi naona ni filamu ya kazi. Mwaka wa 2014 Creative Assembly, studio ya Uingereza iliyojulikana kwa gemu za vita vya kihistoria, ikatoa Alien: Isolation, na ndani yake kuna swali ambalo mtu wa kuishi kwa malipo ya mwezi angeuliza mara moja: na kampuni isiyo na pesa za kumnunua Ash inafanyaje?

Jibu ni Seegson. Kampuni ya pili kwa kila kitu, mwenye kituo cha Sevastopol kinachokufa taratibu, kimepakwa rangi upande mmoja na kuoza upande wa pili. Seegson hutengeneza Working Joe. Ngozi ya mpira, macho ya taa, ovaroli, sauti moja tulivu isiyopanda wala kushuka. Hajifanyi mtu, na kampuni imeligeuza hilo kuwa sifa ya bidhaa. Joe anakuua akiwa anakuhudumia. Anakukaba koo huku akikueleza kwa upole kwamba umekiuka taratibu. Kama umewahi kupiga simu huduma kwa wateja kuhusu pesa zilizokatwa bila maelezo, ukazungushwa dakika arobaini na mashine inayokuambia simu yako ni muhimu kwao, unamjua Joe.

Maze, hebu fikiria wangeweza kufanya nini badala yake. Wangetuletea Ash mwingine, mjanja zaidi, mwenye nguvu zaidi. Ndivyo hufanywa. Wao wakashuka chini, kwa bei rahisi, na dunia nzima ya Alien ikapanuka kwa sababu sasa tunajua kwamba ukatili wa kampuni una matabaka: kuna wa kifahari na kuna wa mtumba. Filamu ya Alien: Romulus ilipotoka mwaka wa 2024, mwongozaji Fede Álvarez aliweka ukutani simu za dharura kama salamu kwa gemu ile. Nyumba kubwa imekuja kuomba chumvi kwa jirani.

Sasa Tolkien, na hapa nina hasira.

Kuna mashabiki wa Tolkien wanaoapa kwamba maorki ni umati tu, hawana sura wala hadithi. Hawajasoma. Mwishoni mwa The Two Towers kuna maorki wawili, Shagrat na Gorbag, wanapiga stori kama makanga wawili wakingoja gari lijae. Wanawasema wakubwa wao. Wanaota kutoroka na wenzao wachache wa kuaminika, waende mahali pasipo na mabosi. Kitabu kinachofuata kinapoanza upande wao, vikosi vyao vimeshauana kwa sababu ya shati la thamani alilovuliwa Frodo.

Tolkien aliufungua mlango huo akapita zake. Monolith, studio ya jimbo la Washington, ikauingia mwaka wa 2014 kwa Shadow of Mordor. Kila orki mwenye cheo ana jina, woga wake, chuki yake. Akikuua anapandishwa cheo, na mkikutana tena anakukumbusha. Ukimchoma ukadhani ameisha, anaweza kurudi na uso wa makovu na maneno ya kukuambia. Mfumo huo waliuita Nemesis. Hauko kwenye ukurasa wowote wa Tolkien, na bado umemwelewa vizuri kuliko filamu nyingi zilizomwonyesha orki akifa bila kusema kitu. Jeshi la uovu ni kama ofisi fulani tunazozijua: kila mtu anamchekea mkubwa wake na kusubiri ateleze.

Hao hao Monolith, mwaka wa 2017, kwenye Shadow of War, wakamchukua Shelob, yule buibui wa kale asiyejali Sauron wala mtu yeyote, mwenye njaa tu, wakamfanya mwanamke mrembo wa gauni jeusi anayeona maono. Hapo nakubaliana na msee wa kanoni, mara moja kwa mwaka. Ila yeye anasema kosa ni kwamba Tolkien hakuandika hivyo. Mimi nasema walimpunguza. Kilichokuwa kinatisha kwa Shelob ni kwamba huwezi kupiga naye stori. Ukishampa gauni na mazungumzo amekuwa mwanamke mwingine wa siri kwenye gemu nyingine ya wanaume wenye mapanga, na hao tunao tele.

Lakini hasira yangu haitoki kwa Shelob. Inatoka kwa karatasi. Warner Bros. waliuombea ule mfumo wa Nemesis hataza, na mwaka wa 2021 ofisi ya hataza ya Marekani ikawapa. Mnamo Februari 2025 Warner wakaifunga Monolith, studio iliyokuwepo tangu 1994. Waliotunga wakaenda nyumbani. Hataza ikabaki na mwenye nyumba. Njia yao ile ya kumfanya adui akukumbuke, nyongeza bora kuwahi kufanyiwa maorki tangu mwandishi mwenyewe afe, iko kabatini kwa kampuni iliyowafukuza walioivumbua, na studio nyingine ikitaka kuigusa itafute wakili kwanza.

Sasa unaona kwa nini neno kanoni linaniudhi hivi. Ni upande wa pili wa karatasi ile ile. Upande mmoja unasema wazo hili ni letu, usiliguse. Upande wa pili unasema wazo lile si letu, kwa hivyo halipo. Kote kuwili aliyetunga hana neno. Na shabiki anayesema "si kanoni" kwa fahari anasoma upande wa pili kwa sauti, bure, akidhani anatetea sanaa.

Tusisahau ubaya wa nyongeza zenyewe, nisije nikaonekana natetea kila kitu. Batman: Arkham Knight, 2015. Rocksteady walituambia mapema kwamba huyo adui mpya, yule wa kofia ya chuma, ni mhusika mpya kabisa. Watu wakasubiri. Kumbe ni Jason Todd, yule Robin ambaye mwaka wa 1988 wasomaji wa DC walipigiwa kura kwa simu aishi au afe, wakachagua afe kwa kura 5,343 dhidi ya 5,271. Mtu aliyeuawa na mashabiki, akafufuliwa na katuni miaka mingi kabla ya gemu, sasa ameuzwa kama mgeni. Alikuwa kanoni hadi kwenye kucha, na ndiyo sababu alichosha. Kila aliyewahi kufungua katuni za Batman alimjua kabla hajavua kofia. Woga wa kuongeza mtu mpya kweli ulizaa mtu wa zamani mwenye kofia mpya.

Linganisha na Kreia. Knights of the Old Republic II, Obsidian, 2004. Mwanamke mzee, kofia ya joho imefunika macho, zamani Jedi, zamani adui wa Jedi, sasa mwalimu wako. Kwenye filamu zote za Star Wars swali ni moja: utatumia Nguvu kwa wema au kwa ubaya? Kreia anauliza lingine. Kwa nini hii Nguvu inatutumia sisi? Inaua mamilioni ya watu ili kitu kinachoitwa usawa kipatikane, na tunaisujudia. Anaichukia kama mtu anavyoweza kuchukia hatima yenyewe.

Kuna mahali, Nar Shaddaa, ombaomba anakuomba pesa. Ukimpa, Kreia anakuonyesha kilichofuata: amevamiwa kwa sababu ya hizo pesa zako. Ukimnyima, amekata tamaa na kumvamia mtu mwingine. Vyovyote utakavyofanya, unasomewa. Mimi huikumbuka hiyo sehemu kila nikipita Tom Mboya Street na sarafu mfukoni, na sijaamua kama mama huyo ana hekima au ana roho mbaya tu. Nadhani waliomtunga hawakuamua pia. Hakuna mhusika wa filamu za Star Wars aliyewahi kunisumbua barabarani.

Kreia hana muhuri. Mwenzake wa gemu ya kwanza, Revan, mhusika ambaye watu wamempenda tangu 2003, jina lake liliruhusiwa kurudi kwenye orodha mwaka wa 2019 kama jina la kikosi cha askari, kwenye kitabu cha picha cha filamu ile ile ya Palpatine. Shukrani ya punda. Na gemu ya Kreia yenyewe ilitolewa kabla haijaiva, sehemu nzima zikiwa zimekatwa kwa haraka ya sikukuu; mashabiki ndio waliokaa miaka, jioni baada ya kazi, wakachimbua vipande vilivyobaki ndani ya diski na kuvirudisha mahali pake. Hawakulipwa. Sasa hao ndio ningewaita walinzi wa hadithi. Tangu Desemba 2020 gemu hiyo inapatikana kwa simu za Android, kwa hivyo usiniambie huna PS.

Nitasema na langu, kwa ufupi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo naandika kwa kulipwa kwa neno. Nusu ya niliyoandika iko kwenye tovuti za watu, kwa majina ya watu. Nikiandika sentensi nzuri humo ni yangu kwa muda wa kubonyeza "tuma", basi. Hivyo nikimsikia mtu akisema kitu si cha kweli kwa sababu aliyekiandika alikuwa kibarua tu ndani ya dunia ya mwenyewe, nasikia maneno fulani ya mteja fulani. Wasee walioketi Warsaw wakamtunga Baroni walikuwa vibarua. Waliomtunga Joe pia. Hanna Diyab hakulipwa hata kwa jina.

Nao wanaendelea. Desemba 2024 CD Projekt walionyesha trela ya The Witcher 4, na Ciri ndiye mhusika mkuu. Kabla trela haijaisha msee wetu alikuwa ameshaanza: uso wake umebadilika, vitabu havimruhusu kuwa mwindaji kamili, Sapkowski amesema nini. Wiki nzima. Ndani ya trela hiyo kuna kijiji kinachotoa msichana kwa zimwi. Ciri anapigana nalo, anashinda, anarudi kijijini na damu nguoni kumwambia yule msichana kwamba sasa yuko huru. Anamkuta ameshauawa na watu wake mwenyewe. Msichana huyo hayumo vitabuni. Anaitwa Mioni, na katika ubishi wote niliousoma wiki ile, sikuona mtu aliyemtaja.